Karatasi za Kilo

Vijana wa kikundi chetu cha waandishi pale Nyakuron wameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yangu, kwa kuwa nimestaafu. Neno hilo wameliweka wao. Mtunzi wa riwaya hastaafu kama karani: hapewi barua, hapigwi picha akiwa ameshika saa ya ukutani, wala hakuna anayegombea meza yake. Anaacha tu, na inaweza kupita miaka kabla mtu hajagundua. Mimi niligunduliwa mapema kwa sababu niliacha riwaya ikiwa imekwisha kuandikwa, nikakataa kuitoa, na nikakataa kueleza. Leo naeleza.

Nilirudi Juba nikiwa na shahada ya fasihi niliyoipata Kenya, mabegi mawili, na imani kwamba mji wetu ulikuwa na kiu ya riwaya za Kiswahili. Mji ulikuwa na kiu ya maji. Siku yangu ya kwanza ya kazi niliamka alfajiri, nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikaketi mbele ya daftari kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeandika jina langu na jina la riwaya. Mwenye nyumba akaja kubisha, akaniuliza kama naumwa, maana hakuwa amezoea kuona mwanamume mzima amekaa ndani siku ya kazi. Nikamwambia naandika kitabu. Akaniletea uji.

Hamna haja niwakumbushe jinsi wasomaji wetu walivyo wachache. Sokoni watu huongea Kiarabu cha Juba, ofisini Kiingereza, nyumbani kila mtu na lugha ya mama yake. Kiswahili tumeachiwa sisi tuliolelewa Kenya, pamoja na Waganda wa madukani, na kila upande unaamini mwenzake anakiharibu. Wasomaji wangu wote wangeketi chini ya turubai moja la msiba na viti vingine vingebaki vitupu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Elikana, mhariri mstaafu aliyeishi Kitale. Nilimpelekea miswada kwa basi, naye aliirudisha na maneno mawili tu pembeni, tena na tena, kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini?" Mara moja aliandika "Kwa nini?" kando ya nambari ya ukurasa. Lakini ndiye aliyenipa ushauri ambao nimeutumia kuliko wote. Soma sura zako kwa sauti, alisema, mbele ya watu walio na shughuli mikononi. Wakiacha shughuli yao, hapo umeandika. Wasipoacha, rudi nyumbani.

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri nilisoma kwenye kibanda cha chai cha Keji, hatua chache kutoka kituo cha utamaduni cha Nyakuron. Keji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wa kabila la Wabari, aliyekulia Kenya kama mimi na kurudi peke yake. Aliishi mtaa wa Mangateen. Wateja wake walikuwa madereva wa bodaboda, wengi wao Waganda, na wakati wote wa sura zangu tano za mwanzo hawakuacha hata kijiko.

Niseme sasa kuhusu vifaa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kompyuta yangu iliuawa na vumbi mwaka wa pili. Tangu hapo niliandika kwa mkono, na karatasi nilinunua soko la Jebel, chini ya mlima wa jina hilo, kwa mwanamume aliyekuwa akiziuza kwa kilo kwa wafunga njugu na wakaanga chapati. Zilikuwa fomu za zamani kutoka maofisini, upande mmoja umejazwa, mwingine mweupe. Mimi niliandika upande mweupe. Mbele sikutazama kamwe. Nilikuwa nimejaza fomu nyingi sana maishani, kambini na chuoni na mpakani, na niliona ni haki yangu kama msanii kutosoma hata moja zaidi.

Fungu la mwisho nililonunua lilikuwa la ajabu. Karatasi zenyewe zilikuwa za kawaida, nyembamba, na wino wa upande wa pili ulionekana kwa mbali kama mishipa chini ya ngozi. Lakini kalamu ilikimbia. Mimi ambaye nilizoea kupigana na aya moja kutwa nzima niliandika kurasa nne kabla ya chai. Wahusika walikuja wakiwa na makovu yao na majina ya mama zao. Niliwaza kwamba hatimaye, baada ya miaka yote ile, nimekuwa mwandishi. Nawaonya kuhusu wazo hilo.

Mhusika mkuu nilimwita Lado. Nilichagua jina hilo kwa usalama. Kwetu Wabari mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo Juba ina akina Lado wa kujaza uwanja wa mpira, na hakuna hata mmoja anayeweza kuja kulalamika kwamba umemwandika yeye.

Jumamosi ya sura ya sita nilisoma jinsi Lado, akiwa mvulana njiani kukimbia vita, alivyolala na kiatu kimoja mguuni, cha kulia, na kingine akikilalia kichwani. Nilikuwa katikati ya sentensi niliposikia chai ikimwagika. Keji alikuwa amesimama na birika mkononi, glasi imejaa, chai inatiririka juu ya meza na kuingia mapajani mwa dereva mmoja aitwaye Wasswa.

"Mama! Unanipika?" Wasswa akaruka.

Keji hakumsikia. "Ustaz," akaniambia, kwa lile jina la heshima tunalowaitia walimu hapa, "nani alikwambia?"

"Alinambia nini?"

"Kuhusu kiatu."

"Hakuna. Nimebuni."

"Kubuni ndiyo nini?"

"Kutoa kichwani."

"Sawa. Kwa hiyo kaka yangu aliingiaje kichwani mwako?"

Madereva wakacheka. Mimi pia nilicheka, na bado naona haya. Keji aliweka birika chini akanieleza polepole, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Alikuwa na kaka, Lado. Walikimbia pamoja baada ya mama yao kufa, Keji akiwa na miaka saba. Kila usiku kaka yake alilala na kiatu cha kulia mguuni ili wakishtuliwa asipoteze muda kuvitafuta vyote viwili. Asubuhi moja watu walitawanyika kwa milio ya risasi, na tangu siku hiyo hakumwona.

"Lado ni wengi," nikasema.

"Lado ni wengi. Kiatu ni kimoja."

Nikampa mhadhara. Nilimweleza kwamba mtunzi hukusanya vitu bila kujua, kwamba watoto wengi waliokimbia huenda walilala vivyo hivyo, kwamba riwaya si habari. Ulikuwa mhadhara mzuri. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipangusa meza.

"Ustaz, mimi sibishani na shule yako," akasema. "Nataka kujua jambo moja tu. Mwisho wake anakuwaje?"

Wenzangu, mwisho ulikuwa umeshaandikwa wiki mbili kabla. Lado alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, katika wodi ya hospitali Kitale, karibu na dirisha. Niliona ni kifo kilichoandikwa kwa kiasi, bila machozi ya bure. Muswada wote, isipokuwa sura niliyoishika mkononi, ulikuwa umeshafika kwa mchapaji.

"Bado sijaandika," nikasema.

Alinitazama. "Khalas, basi. Ukifika hapo, usimfanye vibaya."

Sikulala vizuri, na Jumatatu asubuhi nilikwenda Jebel kwa Robina, mama wa Kiganda aliyekuwa na steshenari ndogo yenye jenereta moja na printa mbili. Ndiye aliyenichapia vitabu vyote. Nilitaka kusoma tena ukurasa wa mwisho, labda nione kama kuna namna ya kumwacha yule mtu hai bila kuharibu kitabu. Robina hakuinua macho.

"Ssebo, bwana, umefika. Mimi iko na swali. Hii style yako mpya, wewe unapangaje?"

"Mtindo gani?"

"Hii ya kuandika watu mbele na nyuma."

Sikumwelewa. Akavuta karatasi moja kutoka kwenye rundo, akanisomea upande wangu: mama mmoja wa sura ya nne, ambaye hana kidole cha shahada mkono wa kushoto, anayeuza mboga za kukausha. Kisha akaigeuza na kunionyesha upande wa fomu. Ilikuwa fomu ya shirika fulani la kutafutana kwa jamaa waliopotezana. Palikuwa na sehemu ya alama za mwili. Mtu alikuwa ameandika kwa herufi za wasiwasi: kidole cha shahada cha kushoto hakuna.

"Na hii," Robina akasema, akigeuza nyingine. "Wewe uko na mzee kipofu jicho moja. Na huku iko mzee kipofu jicho moja. Mimi nikafikiri, eh, huyu ssebo ni mwerevu sana, anaandika kufuatana na karatasi."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Jenereta iliendelea kunguruma. Niligeuza karatasi moja baada ya nyingine, na kila moja ilijibu. Nilitafuta maelezo, maana nimesoma: wino unaonekana upande wa pili, jicho husoma hata mwenye jicho akijifanya hasomi. Nilijiambia hivyo kwa sauti. Robina akasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomjibu mlevi. Karatasi zote hizo zimeshafika sasa panapostahili. Hilo niliseme mapema ili msisome mkiwa na hasira nami zaidi ya inayonistahili.

Kisha nikakumbuka kwamba katika riwaya ile nilikuwa nimeua watu wengi.

"Ukurasa wa mwisho uko wapi?" nikauliza. "Ule wa wodi."

Robina aliacha kuchapa. "Ule nimeshamaliza, mimi nilianza chini ya rundo. Zilizomalizika nampa mama wa chapati. Wewe mwenyewe ulisema tupa."

Ni kweli nilisema. Nilisema hivyo kila kitabu. Niliona ni unyenyekevu.

Mama wa chapati alikuwa mlango wa tatu, amezungukwa na moshi na foleni. Nilipomwomba kupekua karatasi zake za kufungia alidhani natoka serikalini. Rundo lilikuwa limebaki jembamba. Nilipata nusu ya sura ya tisa, nikapata mazishi ya mtu mwingine, lakini wodi sikuipata. Nikageuka nikaanza kutazama mikono ya watu waliokuwa wakila. Wote walisoma woga usoni mwangu wakaanza kutafuna haraka. Wa tatu, kijana fundi wa magurudumu, alikuwa amekunja karatasi yake karibu na mdomo, na juu ya kidole gumba chake nikaona neno langu: dirisha.

"Ndugu," nikamwambia, "nitakununulia nyingine."

"Hii iko na shida gani?"

"Kuna mtu ndani yake."

Akaniachia kila kitu, chapati na karatasi, akarudi nyuma hatua mbili.

Mafuta yalikuwa yameingia katikati yake yote. Mnajua karatasi iliyolowa mafuta inavyokuwa: ukiinyanyua kwenye mwanga pande mbili zinakuwa moja. Nilisimama juani pale Jebel nikiisoma. Mwandiko wangu ulikuwa ukimuua Lado polepole karibu na dirisha, na kati ya mistari yangu, kwa kinyume, mwandiko wa mtu mwingine ulikuwa ukiandika jina lake. Niliigeuza. Mwombaji: Lado. Jina la mama, kijiji, njia waliyopita. Makazi ya sasa: Kitale. Anayetafutwa: Keji, dada yangu mdogo. Chini palikuwa na nambari ya simu, tarakimu zote zinasomeka.

Kuhusu kiatu hapakuwa na neno. Nilisoma fomu ile mara nne kutafuta kiatu. Ningekipata ningekuwa mtu huru.

Nilimkuta Keji akiwasha makaa. Wasswa na wenzake wawili walikuwa wakisubiri chai ya kwanza. Nilimweleza yote, pamoja na uongo wangu wa Jumamosi, kisha nikamsomea fomu. Aliposikia jina la mama yake aliketi juu ya jerikeni. Nilipofika kwenye jina lake mwenyewe aliniomba nirudie.

"Alikuwa ananitafuta."

"Ndiyo. Sijui ni miaka mingapi imepita tangu ajaze hii. Lakini nambari ipo. Piga."

Alichukua ile karatasi, akaishika kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi.

"Na nyuma umeandika nini?"

"Nyuma ni upuuzi wangu."

"Soma."

Nilisoma. Nimesoma mbele ya maprofesa na mbele ya madereva wasiosikiliza, lakini sijawahi kusoma vibaya hivyo. Nilipomaliza, Wasswa alikuwa amevua kofia.

"Ustaz amekuwa kujur," mwenzake akanong'ona. Hilo ni jina la mganga anayeongea na mizimu, na alilisema bila kucheka.

"Sipigi," Keji akasema.

"Keji, dada yangu, hiki ni kitabu tu."

"Kiatu pia kilikuwa kitabu tu." Akanirudishia karatasi. "Nikipiga sasa, nitakuwa nampigia huyu wa nyuma. Mtoe kwanza."

"Nimtoe wapi?"

"Hospitali! Wewe ndiye ulimweka, mtoe!"

Niliwatazama madereva nikitafuta mtu mwenye akili timamu wa kunisaidia.

"Ustaz, toa mtu," Wasswa akasema. "Itakugharimu nini?"

Basi nikaandika, mimi mwenye shahada, saa tatu asubuhi, nikiegemea meza yenye sukari iliyomwagika. Nilikata aya nzima ya kifo, niliyoihangaikia siku tano, na pembeni nikaandika kwamba asubuhi ile homa ilishuka, daktari akasema basi, na Lado akatoka kwa miguu yake mwenyewe hadi getini. Ni maandishi mabovu. Bwana Elikana angemaliza wino wake. Nilimsomea Keji, akaitikia kwa kichwa, akainama kutafuta simu ndani ya kikapu chini ya vikombe.

Na hapa ndipo penye kosa langu, ambalo nataka mlisome taratibu. Alipokuwa ameinama niliitazama sentensi ile nikaona imekaa vibaya. Mtu hawezi kuinuka kitandani akiwa mahututi na kwenda zake kama anatoka harusini. Hakuna msomaji atakayekubali. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Mwishoni nikaongeza: ila kikohozi kikabaki. Sikufikiri. Ilikuwa kazi tu, kama seremala anayepita akakwangua pembe ya meza isiyo yake.

Simu iliita kwa muda mrefu. Keji aliiweka sauti ya juu ili sote tusikie. Ilipokaribia kukatika mwanamume akajibu, na nyuma yake palikuwa na honi za magari.

"Nani?"

"Wewe ni nani?" Keji akauliza.

"Si wewe ndiye umepiga?"

Keji alifunga macho. "Unalala na kiatu gani?"

Honi zikaendelea. Kisha sauti ikaja ndogo, kama ya mvulana.

"Cha kulia," akasema. "Keji?"

Hapo wakaanza kuongea Kibari wote wawili kwa pamoja, na nisingeyaandika yale hata kama ningekuwa bado naandika. Wasswa alikuwa akilia wazi, na mapaja yake yaliyoungua amesahau. Baada ya muda Keji alirudi kwenye Kiswahili, lugha waliyojifunza shuleni wote, akamuuliza alipo.

"Kitale. Getini kwa hospitali. Nimelazwa wiki tatu, mapafu. Wenye kitanda cha jirani walishaanza kugawana blanketi langu." Akacheka. "Asubuhi hii homa imetoka tu, daktari akasema niende. Niko sawa, dada. Niko sawa kabisa. Ni hiki tu..."

Akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kilichotoka mbali chini, kikaacha, kikaanza tena. Simu ndogo ya Keji ilitetemeka juu ya meza.

Keji alikuwa ameacha kutabasamu. Aliivuta karatasi kutoka chini ya mkono wangu. Kusoma aliishia darasa la nne, lakini wino mpya anaujua kila mtu.

"Hapa umeongeza," akasema. "Umeongeza nini?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Kwa nini hukukimaliza kikohozi?" akauliza, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli, na mimi, baada ya miaka yote ile ya kazi, nilikuwa na jibu moja tu, kwamba ingesomeka vibaya. Sikulitoa. Aliokota kalamu iliyokuwa imebingiria hadi kwenye sukari, akanisukumia.

Nilikata maneno yale matatu. Niliyakata mara mbili, hadi karatasi ikatoboka. Ndiyo kazi yangu ya mwisho.

Kwenye simu Lado alivuta pumzi kuanza tena, na pale kibandani hakuna aliyekuwa na shughuli mikononi. Tuliisikia pumzi ile ikiingia. Ilikaa. Ikatoka peke yake, safi, na baada yake zikasikika honi za Kitale.

"Dada," akasema, kwa mshangao kidogo. "Haya, niambie. Huko Juba ukishuka basi, unaelekea upande gani?"